Rangi Huulizwa: Niliyojifunza katika Kazi ya Batiki Bagamoyo

Vijana wanaokuja kwangu kutaka kujua namna ya kuanza kazi ya batiki huuliza mambo mawili: mtaji ni kiasi gani, na rangi zipi zinauzika. La mtaji nitalieleza mbele, kwa kuwa halina ugumu mkubwa. La rangi ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa, na ndilo linalonifanya niandike, kwa sababu naona wengi wanalipia semina na kukariri majedwali yanayodai kwamba bluu ni uaminifu, nyekundu ni nguvu, zambarau ni ufalme na njano ni furaha, na kwamba mwenye kuzishika maana hizo atafanikiwa kazini, awe anauza nguo au anakwenda kwenye usaili. Kwa yaliyonipata mimi, kazi yangu ilianza kunyanyuka nilipoacha kumwamulia mteja maana ya rangi na kuanza kumuuliza.

Kabla ya batiki nilikuwa mhudumu wa mapokezi katika ofisi moja Dar es Salaam. Mkataba ulipokwisha haukuongezwa, nikarudi Bagamoyo kwa mama, nikiwa na akiba ya shilingi laki nne na aibu kubwa ya kuonekana nimerudi mikono mitupu. Mji wetu una mafundi wengi wa sanaa, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, yaani TaSUBa. Ukipita Barabara ya India katika Mji Mkongwe utaona picha na vinyago vimepangwa nje ya nyumba za zamani. Mimi sikuwa na ada ya chuo. Nilikwenda kwa mama mmoja jirani yetu aliyekuwa akitengeneza batiki uani kwake tangu sijazaliwa, nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Alinikubali kwa sharti kwamba kwa miezi ya mwanzo nisichanganye rangi hata mara moja. Kazi yangu iwe kuyeyusha nta, kuchemsha vitambaa ili nta itoke, na kuanika.

Sharti hilo liliniudhi wakati ule, lakini lilinifundisha kutazama. Batiki huanza na rangi iliyo nyepesi na kuishia na iliyo nzito. Sehemu unayotaka ibaki nyeupe unaipaka nta kwanza, unachovya katika njano, unapaka nta tena pale unapotaka njano ibaki, kisha unachovya katika bluu, na kile kilichokuwa njano bila nta kinatoka kijani. Ukikosea mpangilio hakuna kurudi nyuma. Nta yenyewe huchanganywa: ya mishumaa hupasuka na kuacha mistari myembamba ambayo wengi huipenda, ilhali nta ya nyuki hulainika na kufuata kitambaa kinapokunjwa, kwa hiyo anayetaka mistari mingi huongeza ya kwanza na anayetaka umbo safi huongeza ya pili.

Siku aliyoniruhusu kusimama kwenye ndoo, mwalimu alinionyesha nili. Ndani ya maji yenye kostiki soda, haidrosalfaiti huondoa oksijeni na kuifanya rangi iyeyuke, na kitambaa ukikitoa kina umanjano wa kijani kama maji ya mwani. Nilidhani dai, yaani ile rangi ya kuchovyea, imeharibika. Aliniambia, "Usikisemee kitambaa kabla hakijapata hewa, mwanangu." Tulikitandaza kwenye kamba, na kuanzia kwenye pindo la juu, hewa ilipokigusa, bluu ikaanza kutokea na kushuka taratibu mpaka kitambaa kizima kikageuka. Tangu hapo sijamruhusu mteja yeyote achague rangi kwa kutazama kitambaa kilicholowa, maana hata dai ambayo haigeuki namna hiyo huonekana nzito ikiwa mbichi na kupungua ikikauka.

Oda yangu ya kwanza kubwa ilikuwa sare za harusi, za upande wa bwana harusi. Nilinunua kitambaa katika duka moja jijini ambako muuzaji aliniapia kwamba ni pamba tupu. Nilipokichovya, rangi ilishika kwa mabaka na kubaki imepauka, kwa sababu uzi wake ulikuwa umechanganywa na polista, na dai tunayotumia hushika pamba, haishiki polista. Zaidi ya nusu ya mtaji wangu ilikwisha pale. Muuzaji hakukubali kukipokea. Nililia, nikakaa siku kadhaa bila kwenda uani kwa mwalimu, nikaanza kuandika barua za kuomba kazi ya mapokezi. Kaka yangu ndiye aliyenikopesha fedha za kununua kitambaa kingine, bila kunisimanga, na oda ikatoka usiku wa kuamkia siku ya kuikabidhi. Faida haikuwapo. Kile kitambaa kilichoharibika nilikishona mifuko ya sokoni nikauza kwa bei ya chini.

Mwalimu aliponiona tena alichomoa uzi mmoja kwenye kipande kilichobaki akauchoma kwa kiberiti. Uzi wa pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini yanayopeperuka. Wenye polista hujikunja, huyeyuka na kuacha kipunje kigumu cheusi. Ni jaribio la dakika moja, halina gharama, na muuzaji mkweli hatakukataza kulifanya mlangoni kwake.

Baada ya hapo nilihisi nahitaji elimu zaidi ya biashara, nikahudhuria semina ya ujasiriamali. Yako mambo mazuri niliyoyapata huko, hasa namna ya kutenganisha fedha za biashara na za nyumbani, na sitaki kuidharau. Lakini ndiko nilikopewa jedwali la maana za rangi, limechapishwa vizuri, nikalibandika ukutani juu ya ndoo zangu. Mteja akija, nilimshauri kwa kufuata jedwali.

Kisha akaja kiongozi wa kwaya moja. Alikuwa ameshaamua: anataka zambarau, kwa kuwa amesikia ni rangi ya kifalme, na wao wanaimba habari za Mfalme. Jedwali langu lilikubaliana naye kabisa, na nilikuwa nimeshachukua kalamu niandike oda. Mwalimu wangu, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka akikwangua nta, ndiye aliyeuliza.

"Sare hii mtaivaa lini, baba?"

"Pasaka, mama."

"Mimi si mtu wa kanisani, lakini nimewauzia watu wa kanisani miaka mingi, na zambarau naiona kwenye Kwaresima. Kamuulize padri wako kwanza, usije ukaingia gharama."

Yule bwana alikwenda. Aliporudi alisema padri hakumkataza, ila alimkumbusha kwamba zambarau ni ya Majilio na Kwaresima, majira ya toba na matayarisho, na kwamba Pasaka kanisa huvaa nyeupe au dhahabu, kama Pentekoste inavyovaliwa nyekundu. Wakachagua nyeupe yenye mapambo ya rangi ya dhahabu pindoni. Kwaya ile imekuwa mteja wangu mpaka leo na imeniletea kwaya nyingine. Mwalimu aliniambia jioni ile, "Jedwali lako halikusema uongo. Ila halikuuliza siku." Nilikwenda kulibandua.

Tangu hapo nilianza kutazama rangi za kwetu kwa macho mengine. Chukua kisutu, kanga ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo bibi harusi wa pwani huvishwa: rangi zile zile tatu ndizo utakazozikuta kwenye vitambaa vya waganga wa pepo, na hakuna mtu wa Bagamoyo atakayechanganya shughuli hizo mbili, kwa sababu anajua nguo iko kwa nani na siku gani. Nyeupe ni kanzu ya Ijumaa na ya Idi, ni ihramu ya mahujaji, ni gauni la arusi la kanisani, na ni sanda. Nyeusi ya buibui ni heshima na sitara, nyeusi ya nguo za msibani kwa Wakristo wengi ni huzuni, na nyeusi ya bendera yetu ya taifa ni watu wenyewe, kama kijani ilivyo ardhi na uoto, njano madini, na bluu maji. Maana hizo zimewekwa na watu waliokubaliana. Ukitoka nje ya makubaliano yao, maana nayo inaondoka: Uchina nyeupe ndiyo ya msiba kwa desturi na nyekundu ndiyo ya bibi harusi.

Yako pia mambo ya msimu ambayo hakuna jedwali linaloyataja. Kijani na njano zikikaa pamoja, mtu atafikiri ni shabiki wa Yanga au mwanachama wa CCM; nyekundu na nyeupe, atasema Simba. Mwaka wa uchaguzi, au wiki ya mechi ya watani, mteja anayetaka sare ya shughuli ya familia lazima akumbushwe hilo, kwa upole, kisha aachiwe aamue mwenyewe. Nimewahi kumkumbusha mama mmoja aliyetaka kijani na njano kwa ajili ya arobaini ya mtoto wake, akacheka, akasema mume wake ni Simba na nyumba ingewaka moto. Tukatumia kijani na rangi ya maziwa. Na mjane aliye edani hujiepusha na nguo za mapambo, kwa hiyo oda ikitoka katika nyumba yenye msiba naulizia kwanza kama naye atashonewa.

Kumuuliza mnunuzi rangi anayoitaka si jambo geni katika mji wetu, na nilipolijua nilifurahi sana. Mwongoza wageni mmoja pale Caravanserai, kituo cha zamani cha misafara, ndiye aliyenifungua macho. Wakati misafara ilipokuwa ikitoka Bagamoyo kwenda bara katika karne ya 19, fedha yake ilikuwa vitambaa, shanga na nyaya za shaba nyekundu na za shaba ya manjano. Vitambaa vilivyojulikana zaidi vilikuwa merikani, pamba ngumu iliyotoka Marekani, na kaniki iliyotiwa nili. Henry Morton Stanley, aliyeanza safari yake hapa mwaka 1871 kwenda kumtafuta David Livingstone, aliandika namna alivyohangaika kujua achukue shanga za rangi gani, kwa sababu shanga nyeusi zilipokelewa Ugogo na kukataliwa kwingine, na nyeupe zilizopendwa Ufipa zilidharauliwa Ukonongo. Ilimbidi aulize wafanyabiashara waliokwisha kupita njia hiyo, ajue kila nchi inataka nini na msafara utakaa huko muda gani, kwani mtu aliyebeba rangi isiyotakiwa alikuwa amebeba mzigo usionunua hata chakula. Watu wale walikuwa wakifanya utafiti wa soko kabla ya misafara yao kuondoka katika mji huu huu ninaouzia batiki, na walijua kwamba jibu liko kwa mnunuzi.

Kuna upande mwingine wa rangi ambao hauhusu desturi, bali macho. Mwenye nyumba moja ya wageni alinirudishia foronya za mito akilalamika kwamba nyeusi yake imepauka. Nilizitazama, nikaona kweli nyeusi inaonekana dhaifu, tena ina ukahawia. Nilikuwa karibu kuzichovya upya, lakini mchoraji mmoja rafiki yangu alizitoa nje juani, akaifunika kwa karatasi nyeupe ile bluu nzito iliyokuwa pembeni. Papo hapo nyeusi ikawa nyeusi. Akanieleza habari za Michel Eugène Chevreul, mwanakemia wa Ufaransa aliyepewa mwaka 1824 kusimamia utiaji rangi katika karakana ya Gobelins mjini Paris, wafumaji wakalalamika kwamba nyuzi zake nyeusi hazina nguvu. Alizilinganisha na nyuzi nyeusi za mahali pengine, akaona hazina kasoro. Shida ilikuwa kwamba zilifumwa kando ya bluu na zambarau, na rangi jirani ndiyo iliyoifanya nyeusi ionekane hivyo. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kikubwa juu ya jambo hilo.

Foronya zile sikuzichovya tena. Nilimshonea mteja ukanda mwembamba wa rangi ya maziwa kati ya bluu na nyeusi, na alipoziona hakulalamika. Nilimwomba pia anionyeshe vyumba vyake usiku, nikakuta taa ni za mwanga wa manjano, ambazo huififisha bluu hata iwe nzuri namna gani mchana. Sasa nikipokea oda ya mapazia au mito nakwenda kuona chumba, nikiwa na vipande vya mfano mkononi, na tunavitazama pamoja na mteja dirishani mchana na chini ya taa jioni.

Kwa hiyo maswali yangu kwa mteja yamebaki machache: nani atavaa au atakaa na kitambaa hiki, siku gani, mahali gani, na kitakuwa kando ya rangi gani. Mteja akishajibu, mara nyingi rangi inakuwa imekwisha kujichagua. Nimegundua pia kwamba mteja aliyeulizwa huwa na subira zaidi na hulipa bila kubishana sana, kwa sababu anahisi kazi ni yake. Hapo ndipo nilipoacha kutegemea wageni wa msimu wanaonunua kitambaa kimoja cha ukumbusho, nikaanza kupata oda za sare na za nyumba za wageni ambazo huja mwaka mzima.

Binti wa dada yangu alipoitwa kwenye usaili wa ofisi moja alinijia akiwa na hofu, ameambiwa avae bluu ili aonekane mwaminifu. Nilimshauri apite pale siku moja kabla, saa ya kutoka kazini, aangalie wafanyakazi wamevaaje, kisha avae nguo safi, iliyopigwa pasi, inayofanana na mahali pale na isiyombana anapokaa. Bluu kama anayo, sawa. Sijaona ushahidi kwamba rangi ya blauzi inaweza kumjibia mtu maswali, na nasikitika kuona vijana wenye sifa nzuri wakikopa fedha za kununua suti ya rangi fulani huku hawajasoma hata ofisi wanayoiomba inafanya kazi gani.

Kuhusu bei, weka kwenye hesabu kitambaa, dai, kemikali, nta, mkaa, nauli na siku zako za kazi. Wengi husahau hizo siku, na ndiyo maana wanauza sana na hawaoni fedha. Mimi huchukua nusu ya malipo kabla ya kununua kitambaa. Asiyeweza kutoa nusu simlaumu, lakini sianzi. Kabla ya kuchovya oda nzima natengeneza kipande cha mfano, kikishakauka namwita mteja akione mchana, akikubali nakikata katikati: nusu naibana kwa pini kwenye risiti yake, nusu naibandika kwenye daftari langu pamoja na vipimo vya dai, jina la oda na tarehe. Ugomvi wa "mimi sikusema rangi hii" ulikwisha tangu nilipoanza utaratibu huo, na mteja akirudi baada ya mwaka akitaka sare zilezile kwa watu walioongezeka, vipimo ninavyo.

Sasa ule mtaji. Usianze kwa kununua rangi nyingi. Njano, nyekundu, bluu na nyeusi zinatosha, kwa kuwa nyingine utazipata kwa kuchovya moja juu ya nyingine. Nunua glavu ndefu za mpira, barakoa na miwani ya kukinga macho kabla ya kununua dai, maana kostiki soda huunguza ngozi na mvuke wa kemikali huumiza kifua. Itie kostiki kidogo kidogo kwenye maji, usimwagie maji juu ya kostiki, kwani huchemka na kuruka. Tumia ndoo za plastiki, kwa sababu kostiki hula aluminiamu, na sufuria ya kuyeyushia nta isirudi kamwe jikoni. Nta usiiache motoni ukaenda kupokea simu. Kitambaa chukua mita chache tu kwanza, uchome uzi wake, ukichovye, ukifue mara mbili tatu kwa sabuni uone kama rangi imekaa, na ukiridhika ndipo urudi dukani kuchukua jora.